Kabureta, Kiwanda na Mkono wa Fundi: Historia ya Triumph Bonneville

Historia ya mashine kwa kawaida huandikwa kama historia ya wavumbuzi na wenye viwanda. Fundi anayeifungua mashine hiyo miaka hamsini baadaye, akaisafisha na kuirudishia uhai, hatajwi. Hata hivyo, pikipiki ya Kiingereza iitwayo Triumph Bonneville T120 yadhihirisha kwamba maisha ya chombo hayakomi siku kiwanda chake kinapofungwa.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kwa kipimo kinachoweza kuwaka ndani ya injini. Mwaka 1893, Mjerumani Wilhelm Maybach alibuni kabureta inayonyunyiza petroli kupitia tundu jembamba, na kanuni hiyo ikadumu. Makampuni matatu, yaani Amac, Brown & Barlow na Binks, yaliungana mwaka 1927 yakazaa Amal, jina lililokuja kuonekana kwenye pikipiki nyingi za Uingereza. Bonneville, iliyotolewa kwa msimu wa 1959, ilifungwa kabureta mbili za Amal, moja kwa kila silinda. Ilipata nguvu na sifa, lakini pia ilipata tabu yake: kabureta mbili zisipofunguka kwa pamoja, silinda moja huvuta na nyingine huburutwa.

Kufikia mwaka 1968 ilitumika aina iitwayo Concentric, ambayo boya lake huizunguka jeti kuu. Mwili wake na kizibo chake kinachopanda na kushuka vyote vilikuwa vya aloi ya zinki. Vyuma vya jamii moja vikisuguana hulika upesi. Nafasi ikipatikana, hewa isiyopimwa huingia, na injini hukataa kutulia inapozunguka polepole. Aidha, fundi mwenye haraka akikaza nati kupita kiasi, uso wa kabureta unaogusana na injini hupinda, na hewa hupenya hapo pia.

Kwa hiyo, kuifufua kabureta ni kazi ya subira. Fundi huitenganisha, huosha kila njia ya petroli na kuipuliza kwa hewa yenye shinikizo. Jeti haichokonolewi kwa waya, maana tundu likipanuka hata kidogo, kipimo cha petroli huharibika. Kisha hukagua sindano, boya na mipira ya kuzuia uvujaji, hunyoosha uso uliopinda, na mwishowe hulinganisha nyaya ili vizibo viwili vinyanyuke kwa pamoja.

Wakati huohuo, kiwanda kilichounda pikipiki hiyo huko Meriden kilipatwa na dhoruba. Mwaka 1973 wenye mali walitangaza kukifunga. Wafanyakazi wakakizuia na kukikalia. Mwaka 1975, kwa mkopo wa serikali, walianzisha ushirika wao wenyewe, wakaendelea kuunda Bonneville hadi mwaka 1983, ushirika ulipoanguka. Jina la Triumph lilinunuliwa na John Bloor, na pikipiki mpya zikaundwa Hinckley.

Ushirika ulishindwa, lakini ujuzi haukuzikwa. Kabureta za Amal zingali zikitengenezwa nchini Uingereza, na vizibo vya alumini iliyotiwa utando mgumu hupunguza lile kosa la zinki kusuguana na zinki. Maboya mapya nayo hustahimili petroli ya leo iliyochanganywa na ethanoli, ambayo huharibu baadhi ya plastiki za zamani.

Hapa lugha nayo ina neno lake. Kiswahili cha pwani kilipokea «kabureta» kupitia Kiingereza, ilhali katika karakana za Kongo majina mengi ya vipuri yametoka Kifaransa. Ujuzi wa mikono husafiri pamoja na majina yake. Jina likipotea, mwanafunzi hukosa cha kushika. Ndiyo maana kuandika kazi ya fundi kwa Kiswahili si jambo dogo: ni kuuhifadhi ujuzi ambao, kama ilivyokuwa Meriden, huweza kukiishi hata kiwanda kilichouzaa.