Katani, Sufi na Sponji: Historia ya Kutuliza Mvumo wa Kompyuta

Sponji inayobandikwa ndani ya kasha la kompyuta ya mezani ili kupunguza kelele ni mrithi wa nyuzi za mimea, na baadhi ya nyuzi hizo zililimwa jirani na Kilangali. Kata hiyo ya Wilaya ya Kilosa leo hutajwa zaidi kwa shamba la mbegu za mpunga, lakini ukanda wake ulikuzwa na mkonge. Zao hilo lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, ni 62 tu iliyosalimika na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Reli ya Kati ilipopita Kilosa kuelekea Tabora, mashamba yakaota Kimamba na Rudewa, kwa kuwa singa bila behewa la kuzifikisha bandarini hazikuwa na faida.

Enzi hizo magodoro na mito ilijazwa sufi. Unyuzi wa sufi una uwazi katikati na hushika hewa nyingi, ndiyo maana ulitumika hata kwenye maboya ya kujiokolea na katika kuta za kuzuia sauti. Kanuni yake haijabadilika: wimbi la sauti likipenya kwenye vijitundu, hewa husuguana na nyuzi, na nguvu ya sauti hugeuka kuwa joto dogo lisilohisika.

Mwaka 1937 Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, waligundua poliyurethani. Sponji laini ya kemikali hiyo ilipoingia sokoni miaka ya 1950, sufi ikaanza kutoka kwenye magodoro. Mkonge nao haukupona. Tanganyika ilivuna takriban tani 230,000 mwaka 1964, kisha kamba za plastiki zikaporomosha bei. Kutaifishwa kwa mashamba mengi mwaka 1967 hutajwa sana katika anguko hilo, ingawa soko lilikuwa limeshageuka.

Kompyuta ilifika Tanzania mapema, mwaka 1965, kwa kazi za Hazina, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uagizaji wake. Zuio lilipolegezwa na mashine za mezani kuenea maofisini, zilikuwa bado hazina kelele nyingi. Prosesa za awali zilipoa zenyewe, na feni ilikuwa moja tu, kwenye kisanduku cha umeme. Kuanzia Pentium ya mwaka 1993, feni ya prosesa ikawa kitu cha kawaida. Kufikia mwaka 2004 baadhi ya Pentium 4 zilitoa joto la zaidi ya wati 100, na kompyuta ikavuma kama mashine ya kusaga. Hapo ndipo soko la sponji za kubandika liliposhamiri Ulaya na Marekani.

Uwezo wake una mpaka. Sauti ya hezi 100 ina wimbi la mita 3.4, ilhali sponji ya kubandika huwa na unene wa sentimita moja au mbili. Kwa hiyo humeza mlio mwembamba na kuuacha mvumo mzito upite. Tena hubana nafasi ya hewa, jambo la hatari katika joto na vumbi la Kilosa. Kipande cha godoro hakifai kabisa kuwa mbadala, maana hushika moto upesi. Sponji ya kompyuta hutiwa dawa ya kuzuia moto.

Katani yenyewe, yaani nyuzi za mkonge, imepata njia ya kurudi, kwani viwanda vya magari vya Ulaya huiweka kwenye paneli za milango. Kwa kompyuta, fundi afanye kwanza yaliyo rahisi: apulize vumbi, aweke mipira chini ya diski inayotetemeka, na abadilishe feni ndogo kwa kubwa inayozunguka polepole. Feni ikipunguzwa mwendo kwa nusu, kelele yake hushuka kwa desibeli 15 hivi, na sponji nyembamba haifikii hapo.