Kabla hujanunua spana, lijue gari lako

Ndugu msikilizaji, juma hili napenda tuzungumze juu ya kitu ambacho wenye magari wengi hukinunua kwa macho tu. Kitu hicho ni spana. Magari yanaposimama kwenye foleni ya jioni, vijana hupita madirishani wakiwa wamebeba vikasha vya plastiki. Ukikifungua kikasha, kinameta. Nje kimeandikwa vipande mia na zaidi. Bei inashuka na kushuka mpaka taa ya kijani inawaka. Mwenye gari analipa, anakitupa kikasha nyuma ya kiti, anaondoka akiamini amejiandaa kwa safari. Swali langu ni hili: amejiandaa, au amebeba chuma tu?

Jibu limo katika historia. Hebu tuanzie mbali kidogo.

Agosti mwaka 1888, mama mmoja wa Kijerumani, Bertha Benz, alichukua gari lililotengenezwa na mumewe, Karl Benz, akawapakia wanawe wawili, wakatoka mji wa Mannheim kwenda Pforzheim, umbali wa kilometa zaidi ya 100. Mume hakuambiwa. Siku hizo hapakuwa na gereji mahali popote duniani. Bomba la mafuta lilipoziba, mama huyo alilizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ulipochubuka, aliufunika kwa ukanda wa soksi. Mafuta aliyapata kwenye duka la dawa. Breki zilipolika, alimwendea fundi viatu akazipigilia ngozi. Hilo ndilo lilikuwa sanduku la vifaa la safari ile. Lilikuwa na vitu viwili vitatu tu, lakini mwenye navyo alilijua gari lake.

Dar es Salaam nayo imo katika historia hii. Tarehe 10 Agosti 1907, ofisa wa jeshi la Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka hapa kwa gari akikusudia kulivuka bara la Afrika. Alifika Swakopmund, katika pwani ya Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Siku 630! Njiani hapakuwa na duka la spea wala fundi wa kupigiwa honi. Kilichoharibika kilitengenezwa pale pale, au kilisubiriwa kutoka mbali.

Ndiyo maana watengenezaji wa zamani waliuza gari pamoja na zana zake. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908 na kupita milioni 15 kabla ya kukoma mwaka 1927, ilikabidhiwa kwa mnunuzi pamoja na mfuko wa vifaa. Mwenye gari alitarajiwa kuwa fundi wake mwenyewe. Kadiri gereji zilivyoenea, ndivyo mfuko huo ulivyopungua. Siku hizi ukipata jeki na spana ya magurudumu, umepata. Na gari lililokwisha kupita mikono ya watu watatu wanne, hata hiyo jeki huwa imebaki kwa mmoja wao.

Sasa tuje kwenye namba za spana, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Zamani kila karakana ya Uingereza ilichonga nati na bolti kwa vipimo vyake. Nati ya karakana hii haikuingia kwenye bolti ya karakana ile. Mwaka 1841, Joseph Whitworth wa Manchester alipendekeza vipimo vya aina moja kwa wote, na vipimo hivyo vikasafiri pamoja na reli, meli na utawala wa Waingereza. Wamarekani hawakuvifuata. Mwaka 1864, William Sellers wa Philadelphia alitoa vyake. Nchi za bara la Ulaya nazo zikakutana Zurich mwaka 1898 na kukubaliana juu ya nyuzi za milimita.

Matokeo yake yalikuwa vurugu. Spana ya Whitworth iliyoandikwa nusu inchi maana yake ni kwamba bolti ina unene wa nusu inchi. Spana ya Kimarekani iliyoandikwa nusu inchi maana yake ni upana wa kichwa cha nati. Maandishi ni yale yale, lakini spana hizo hazifungui nati moja. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi ya Uingereza na Marekani yalipigana upande mmoja huku spana zao zikishindwa kusaidiana. Ndipo mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikatia saini makubaliano ya kutumia nyuzi za aina moja.

Sisi huku Afrika Mashariki hatukuitwa kwenye mikutano hiyo, lakini nati zake tulizifungua sisi. Land Rover na Bedford zilikuja na inchi zao. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru, Zambia ilikatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini, ikabidi yapitie kwetu. Kampuni ya Zambia Tanzania Road Services, iliyoundwa mwaka 1966, ilileta malori ya Fiat kutoka Italia. Haya yalikuwa ya milimita. Baadaye mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria yakatembea mitaa ya Dar es Salaam, nayo yakiwa ya milimita. Mjomba wangu, aliyeendesha malori njia ya Tunduma, alikuwa na mafungu mawili ya spana, kila moja limeviringishwa katika kitambaa chake. Moja la inchi, moja la milimita. Utingo aliyeyachanganya alisikia maneno yake siku hiyo.

Kisha wakaja Wajapani. Biashara ilipolegezwa kuanzia miaka ya 1980, magari yaliyotumika ya Japani yalimiminika, na leo ndiyo tunayoyaona kila kona. Mtu atasema: basi tatizo limekwisha, sote tuko kwenye milimita. Halikuisha. Chukua bolti yenye unene wa milimita 8. Kwa kawaida Mjapani huipa kichwa cha 12, Mjerumani huipa kichwa cha 13. Ndiyo maana fundi wa Toyota hutumia sana 10, 12 na 14, na fundi wa magari ya Kijerumani hutumia 10, 13 na 17. Tofauti ni milimita moja tu, lakini milimita hiyo ina gharama. Ukiivika spana ya 13 kwenye nati ya 12, itashika kwa ahadi, utaikaza mkono, itateleza na kula kona za nati. Nati ikishakuwa duara, kilichobaki ni tindo na nyundo.

Basi huo uzito wa vipande mia una maana gani? Nusu yake yaweza kuwa inchi ambazo gari lako halina hata moja. Nyingine ni vichwa vya bisibisi vya kufungulia saa na redio. Mwenzangu mmoja wa kazini alipasukiwa na tairi usiku ndani ya mbuga ya Mikumi, watoto wamelala kiti cha nyuma. Alikuwa na kikasha kipya chenye vipande zaidi ya mia. Kipande cha 21, ambacho ndicho cha nati za magurudumu yake, hakikuwamo. Tembo wa Mikumi hawaulizi una vipande vingapi. Aliokolewa na lori lililosimama na utingo mwenye wili spana ya njia nne.

Wenye akili ya biashara waliligundua jambo hili mapema. Mwaka 1920, Joseph Johnson wa Milwaukee, Marekani, alianza kuuza boksi spana kumi zilizoingia katika mikono mitano. Kabla ya hapo, boksi spana nyingi zilikuwa kila moja na mkono wake. Kwa vipande 15 fundi aliweza kufanya kazi ya zana 50. Huo ndio msingi wa mfuko unaobebeka: vichache vinavyofanya kazi nyingi. Na tazama mabaki ya historia: boksi spana yako ni ya milimita, lakini kitundu chake cha mraba cha kuingizia mkono mpaka leo hupimwa kwa inchi, robo, tatu kwa nane au nusu.

Kwa hiyo, mwenye Toyota ya kawaida anayeanza, namshauri hivi. Nunua spana za 8, 10, 12, 14, 17 na 19, mdomo upande mmoja na ringi upande wa pili. Ongeza boksi spana za namba hizo na mkono wake. Weka bisibisi bapa na ya nyota, ile iliyoenezwa na Henry Phillips wa Marekani na kuanza kutumika katika magari ya Cadillac mwaka 1936. Weka koleo, geji ya upepo, tochi, fyuzi za akiba na waya za kustulia betri. Wili spana iwe ya gari lako: Toyota nyingi ni 21, Honda nyingi ni 19, Volkswagen nyingi ni 17. Jeki iwe inayobeba uzito wa gari lako. Vyote hivyo vinaenea katika mfuko wa turubai, ukitoa jeki.

Na ile ya kurekebisha mdomo, iliyopewa umbo tunalolijua na Johan Petter Johansson wa Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1890? Mafundi wetu wameiita spana malaya, na jina hilo sikulitunga mimi. Iwe nayo, lakini ya dharura tu. Inayokubali kila nati haishiki hata moja sawasawa.

Ukishanunua, usingoje safari. Jumamosi asubuhi, gari likiwa uani, legeza nati za gurudumu kwa mkono wako. Wapo wa kuziba pancha wanaozikaza kwa mashine mpaka mkono wa mtu hauwezi. Ni heri uligundue hilo nyumbani kuliko kwenye mlima wa Kitonga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sisemi kila mwenye gari awe fundi. Breki na usukani mwachie mwenye kazi yake. Lakini mtu anayejua kwamba nati yake ni 12 atamwona mapema fundi anayeijia na koleo, na atamzuia kabla kona hazijaliwa. Vipande 30 unavyovijua vina faida kuliko mia usivyovijua. Kijana wa foleni hana kosa, yeye anauza. Wa kujua gari lako ni wewe.

Hadi juma lijalo, kwaherini.