Katyusha: Jina la Binti Juu ya Lori la Vita

Mwaka 1938 mshairi wa Kirusi Mikhail Isakovsky alitunga beti za binti asimamaye ukingoni mwa mto, akimwimbia mpenziwe aliye askari wa mpaka wa mbali. Matvei Blanter akazitilia muziki, na wimbo ukaenea nchi nzima. Binti huyo ni Katyusha, yaani Ekaterina kwa ulimi wa mapenzi, kama pwani Khadija aitwavyo Dija.

Tarehe 14 Julai 1941, wiki tatu baada ya Wajerumani kuivamia Urusi ya Kisovieti, Kapteni Ivan Flyorov alipanga malori yake karibu na Orsha, Belarusi. Migongoni hayakuwa na mizinga, bali reli za chuma zilizopakiwa roketi 16 kila lori. Zilipofyatuka zililia kwa sauti isiyopata kusikika vitani, na stesheni ya mji ikawaka moto.

Silaha hiyo ilikuwa siri. Jina lake rasmi, BM-13, halikutajwa ovyo. Askari wakaipa la wimbo. Wapo wasemao waliongozwa na herufi K, alama ya kiwanda cha Komintern cha Voronezh. Huenda. Lakini majina ya K ni mengi, nao walichagua la binti waliyekwisha kumwimba, yule amtumiaye askari sauti yake hadi mpakani.

Wajerumani, walioangukiwa nazo, walisikia ala nyingine: wakaziita kinanda cha Stalin, kwa reli zile zilizopangika mfano wa mabomba ya kinanda cha kanisani. Hata katika vita vya 1978 na 1979, roketi za ukoo huohuo zilizorushwa na jeshi la Tanzania zilijulikana Uganda kwa jina la Kiswahili, Saba Saba.

Flyorov aliuawa Oktoba 1941 alipozingirwa, na magari yakalipuliwa yasitekwe. Cheo cha shujaa alipewa mwaka 1995. Ama Georgy Langemak na Ivan Kleymyonov, waliokuwa miongoni mwa mabingwa wa roketi hizo, walipigwa risasi na serikali yao wenyewe Januari 1938, mwaka uleule wa wimbo. Heshima yao ilitangazwa 1991. Kwa nusu karne kila mtoto wa Urusi aliweza kumwimba Katyusha, na wachache mno waliweza kuwataja wao.