Kichocheo cha Umeme Hutuliza Maumivu, Hakiondoi Chanzo Chake

Jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na hadi leo biashara ya eneo hilo la Wilaya ya Ilala hutegemea migongo ya wachukuzi na wasukuma mikokoteni. Maumivu ya mgongo, mabega au magoti yanayodumu kwa zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu. Mojawapo ya njia za kuyatuliza ni kusisimua mishipa ya fahamu kwa umeme, kwa kutumia kifaa kinachofahamika kwa kifupi kama TENS.

Kifaa hicho kidogo cha betri hupeleka mipigo hafifu ya umeme kupitia vibandiko vinavyowekwa kwenye ngozi, karibu na sehemu inayouma. Utendaji wake hufafanuliwa kwa nadharia ya lango, iliyotolewa mwaka 1965 na wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall. Mishipa inayobeba hisia za mguso inaposisimuliwa, uti wa mgongo hupunguza taarifa za maumivu zinazopelekwa kwenye ubongo. Ndiyo maana mtu aliyejigonga husugua mahali palipoumia.

Hata hivyo, nafuu hiyo aghalabu ni ya muda mfupi. Katika mwongozo wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini yasiyo na chanzo mahususi, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri TENS isitumike kama sehemu ya matibabu ya kawaida. Shirika hilo lilipendekeza, pamoja na mengine, elimu kwa mgonjwa na programu za mazoezi.

Kifaa hicho hakipaswi kutumiwa na mtu aliyepandikizwa betri ya moyo. Mjamzito na mwenye kifafa wapate kwanza ushauri wa daktari. Vibandiko visiwekwe mbele ya shingo, wala kwenye kidonda au sehemu iliyokufa ganzi.

Kabla ya kununua kifaa hicho, mwananchi anashauriwa kupimwa katika kituo cha afya ili chanzo cha maumivu kijulikane. Wakazi wa Ilala wanaweza kuanzia katika kituo kilicho karibu nao, na wanaohitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa, ikiwemo kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Amana au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Mwenye maumivu ya mgongo yanayoambatana na udhaifu wa miguu, ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia haja afike hospitali mara moja.