Kupunguza uzani: Mazoezi hayafuti makosa ya sahani

MTU anayeamka alfajiri na kukimbia kwa nusu saa, kisha akarudi nyumbani na kula chapati tatu kwa kuwa amezitolea jasho, anaweza kumaliza mwaka mzima bila kupoteza hata kilo moja. Mwenzake anayejinyima chakula bila kufanya zoezi lolote huweza kupungua upesi, lakini mara nyingi hurejea alikotoka baada ya muda si mrefu.

Wote wawili hukosea jambo moja. Hudhani kuwa chakula na mazoezi ni njia mbili ambazo mtu anaweza kuchagua mojawapo, ilhali kila moja ina kazi yake. Chakula ndicho hasa kinachopunguza uzani. Mazoezi ndiyo yanayolinda misuli na moyo, na kusaidia kuzuia kilo zilizopotea zisirudi.

Suala hili si la urembo tu. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi kiwango kinachofaa. Katika utafiti kama huo wa mwaka 2008-09, kiwango kilikuwa asilimia 25. Uzani uliozidi huongeza hatari ya kupata kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti.

KALORI NI NINI?

Kalori ni kipimo cha nishati, jinsi kilo ilivyo kipimo cha uzani. Kile ambacho watu wengi huita kalori moja, na ambacho kwenye pakiti za vyakula huandikwa kilokalori, ni kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi.

Gramu moja ya wanga au ya protini huupa mwili kalori 4. Gramu moja ya pombe hutoa 7, na gramu moja ya mafuta 9. Kwa hivyo, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, nacho kijiko kidogo cha sukari kina kalori 16 hivi.

Hapo ndipo wengi hupotea njia. Mtu hujisifu kwamba amekula sukuma wiki pekee, bila kukumbuka kuwa mboga hizo zilikaangwa kwa vijiko vitatu vikubwa vya mafuta. Mafuta hayo yana takriban kalori 360, ambazo ni sawa na zile za gramu 100 za unga wa mahindi. Ugali alioukwepa amekwisha kuula kwa njia nyingine.

MWILI HUTUMIA KIASI GANI?

Sehemu kubwa ya nishati ya siku, kwa kawaida asilimia 60 hadi 70 kwa mtu asiyefanya kazi ya sulubu, hutumika mtu akiwa ametulia: moyo kupiga, mapafu kuvuta hewa, ubongo na ini kufanya kazi. Takriban asilimia 10 hutumika kusaga chakula. Kiasi kinachobaki ndicho hutokana na kutembea, kufua, kulima au kukimbia.

Tuseme kuna mwanamke mwenye umri wa miaka 40, mwenye kimo cha sentimita 160 na uzani wa kilo 80, ambaye hushinda ameketi ofisini. Kwa fomula inayotumiwa na wataalamu wengi wa lishe tangu mwaka 1990, mwili wake ukiwa umetulia huhitaji kalori 1,440 hivi kwa siku. Akijumlisha shughuli zake chache, mahitaji yake hufikia karibu kalori 2,000. Akila kiasi hicho, uzani wake hautapanda wala kushuka.

HESABU YA SIKU MOJA

Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Mwanamke huyo akiwa na upungufu wa kalori 500 kila siku, atapoteza karibu nusu kilo kwa wiki katika majuma ya mwanzo. Upungufu huo haulazimu kufunga wala kununua vyakula vya bei ghali.

Ikiwa hunywa vikombe vitatu vya chai kila siku na kutia vijiko viwili vya sukari katika kila kikombe, akiacha sukari hiyo ataokoa karibu kalori 100. Akila chapati moja mchana badala ya mbili, ataokoa nyingine 200 au zaidi, kulingana na ukubwa wa chapati na mafuta yaliyotumika. Akitembea kwa kasi kwa dakika 45, labda kwa kushuka kwenye matatu vituo kadhaa kabla ya kufika kazini, atatumia takriban kalori 200 zaidi ya zile ambazo angetumia akiwa ameketi. Jumla yake ni 500.

Hata hivyo, hesabu hiyo huvurugika kwa urahisi. Akifika mwisho wa matembezi yake na kununua soda ya nusu lita ili kuondoa kiu, atakuwa amerudisha kalori zipatazo 200. Jasho la dakika 45 hufutwa kwa muda wa dakika tano. Maji yangeondoa kiu hiyo bila kuongeza kalori hata moja.

Vivyo hivyo kwa wanaokimbia. Mtu wa kilo 70 hutumia takriban kalori 350 anapokimbia kilomita 5. Chapati moja kubwa iliyopikwa kwa mafuta mengi huweza kubeba kiasi kinachokaribia hicho.

FUNZO KUTOKA KWA WAHADZA

Ushahidi kwamba kutembea pekee hakutoshi umetoka karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Huko huishi Wahadza, ambao baadhi yao bado hujipatia chakula kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012, watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer walichapisha matokeo ya kupima nishati inayotumiwa na watu wazima 30 wa jamii hiyo.

Wanaume walitembea takriban kilomita 11 kwa siku na wanawake takriban kilomita 6. Licha ya hayo, baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ile ya watu wa Marekani na Ulaya ambao hutembea kidogo sana. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi yake kwingineko. Wembamba wa Wahadza, basi, hautokani na miguu tu bali pia na kile wanachokula.

KWA NINI BASI KUFANYA MAZOEZI?

Jibu la kwanza ni misuli. Mtu anapopungua kwa kujinyima chakula pekee, sehemu ya uzani anaopoteza, mara nyingi karibu robo yake, si mafuta bali ni misuli na tishu nyingine zisizo za mafuta. Misuli ikipungua, nguvu hupungua, na nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umetulia hupungua pia. Mazoezi ya nguvu, kama vile kuchuchumaa na kuinuka, kupiga pushapu au kuinua vitu vizito mara mbili kwa wiki, husaidia kuihifadhi. Protini ya kutosha kutoka kwa maharagwe, ndengu, mayai, samaki au maziwa husaidia pia.

Jibu la pili ni kudumisha mafanikio. Tangu mwaka 1994, watafiti nchini Marekani wameweka sajili ya watu waliopoteza kilo 13 na zaidi na kukaa mwaka mmoja au zaidi bila kuzirudisha. Wengi wao hufanya mazoezi kwa takriban saa moja kila siku, na zoezi wanalolifanya zaidi ni kutembea.

Fauka ya hayo, mazoezi huushusha msukumo wa damu, husaidia mwili kutumia sukari vyema na huboresha usingizi, hata kama mizani haijasogea. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa watu wazima.

HATARI YA KUJINYIMA KUPITA KIASI

Kuna wanaotaka kumaliza kazi ya mwaka kwa mwezi mmoja. Kati ya miaka 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, hadi takriban nusu ya walichozoea, kwa muda wa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzani wao, lakini walidhoofika, wakahisi baridi kila mara na kuwaza chakula usiku na mchana. Waliporuhusiwa kula walavyotaka, wengi walirudisha mafuta ya mwili kuliko waliyokuwa nayo mwanzoni.

Isitoshe, kupungua kwa kasi sana huongeza uwezekano wa kupata vijiwe kwenye kibofu cha nyongo, na kwa wanawake hedhi huweza kukatika. Kwa ujumla, mwanamke hashauriwi kula chini ya kalori 1,200 kwa siku, wala mwanamume chini ya 1,500, bila kusimamiwa na daktari.

Wanawake wajawazito na wanaonyonyesha hawafai kuanza mpango wa kupungua bila ushauri wa daktari. Wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini au baadhi ya tembe za kushusha sukari wanapaswa pia kumwona daktari kwanza, kwa sababu chakula kikipungua na mazoezi yakiongezeka, sukari inaweza kushuka ghafla na kumwangusha mtu.

MIZANI INAPOKWAMA

Baada ya miezi kadhaa, wengi hulalamika kuwa wanakula vile vile na kutembea vile vile, lakini hawapungui tena. Mwili mdogo huhitaji nishati kidogo. Yule mwanamke wa kilo 80, akifika kilo 70, hatahitaji tena kalori 2,000 bali karibu 1,875. Upungufu wake wa 500 utakuwa umebaki 375 hata kama hajabadilisha lolote, na matembezi yale yale nayo yatamgharimu nishati kidogo kuliko awali. Wakati huo ndipo anapofaa kurekebisha kidogo, ama kwa sahani au kwa hatua, badala ya kukata tamaa.

Uzani pia hupanda na kushuka kila siku kutokana na maji na chumvi. Inatosha kujipima mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula. Utepe wa fundi wa nguo husaidia vilevile: kiuno kinachozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume huashiria hatari iliyoongezeka.

FAIDA HAINGOJI WEMBAMBA

Katika jamii nyingi nchini, kunenepa kumechukuliwa kuwa dalili ya neema, na anayepungua huulizwa iwapo anaugua au ana matatizo ya ndoa. Maneno hayo huwarudisha wengi nyuma. Hata hivyo, faida ya kiafya huanza kuonekana mapema, pengine hata kabla ya majirani kutambua mabadiliko.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulihusisha watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzani kwa kubadilisha chakula na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Ikilinganishwa na waliopewa tembe zisizo na dawa, visa vipya vya kisukari katika kundi hilo vilipungua kwa asilimia 58. Kwa waliomeza dawa ya metformin, vilipungua kwa asilimia 31.

Kwa mwanamke wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5.6 pekee. Kwa upungufu wa nusu kilo kwa wiki, hiyo ni safari ya miezi mitatu hivi, ya chai isiyo na sukari, chapati moja mchana na dakika 45 za kutembea kila siku. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojaa hupunguzwa vivyo hivyo.