Lenzi ya Elfu Thelathini na Tano

Aliiweka juu ya baraza, Ndia Kuu, hatua chache kutoka Fort Jesus, akataja bei: elfu thelathini na tano. Canon 24-105, ile ya kwanza. Mimi chuo sikumaliza. Makala zikichelewa kulipwa, na huchelewa, picha za harusi ndizo hunilipia nyumba, na hiyo bei ni kodi yangu ya miezi mitatu. Nikaishika muda mrefu hadi muuzaji akaanza kuangalia simu yake.

Lenzi hii ilitoka 2005. Mwaka 2016 Canon wakaleta ya pili, na 2018 wakaanzisha mfumo mwingine kabisa wenye mdomo wake. Kampuni ikiacha kutengeneza kitu huweka vipuri miaka kadhaa, halafu siku moja kinaingia kwenye orodha ya vitu wasivyopokea tena kwa matengenezo. Wenye habari huuza kabla ya siku hiyo. Wenye mifuko kama yangu ndio hununua.

Sasa turudi nyuma kidogo, hapa hapa tuliposimama. Kadi za posta za mwanzo wa karne ya 20 huiita barabara hii Vasco da Gama Street. Wenyeji walikuwa na jina lao, ndia ikiwa ni njia kwa Kimvita, na ndilo lililobaki. Pwani yetu, kadi kama hizo ziliuzwa na studio za Wagoa, kina A.C. Gomes na Coutinho Brothers. Lenzi za wakati ule zilikuwa bomba la shaba lenye vioo ndani. Hakuna waya, hakuna mota. Ukitaka kupunguza mwanga unazungusha pete, au unachomeka kibati chenye tundu dogo. Skrubu ikilegea, sonara wa mtaani angeweza kuikaza. Kiwanda kilikuwa Ulaya, safari ya majuma kwa meli, kwa hivyo nani angesubiri ruhusa ya kiwanda?

Hata N.V. Parekh, aliyefungua studio yake Mombasa 1942 na kuwapiga maharusi na vijana waliojipamba kama nyota wa sinema, alifanya kazi katika ulimwengu huo. Taa, pazia, na penseli ya kurekebishia negativi. Mtu akitazama picha zake leo haulizi chapa ya lenzi.

Ulimwengu huo ulianza kufungwa 1987. Canon walitupa mdomo wao wa zamani, FD, wakaleta EF, ambapo mota ya kufokasi na tundu la mwanga vyote huendeshwa kwa umeme ndani ya lenzi yenyewe. Aliyekuwa na kabati zima la FD aliamka nazo zikiwa haziingii kwenye kamera mpya. Nikon walibaki na mdomo wao wa 1959, hilo tuwape, lakini 2012 waliacha kuwauzia vipuri mafundi wa kujitegemea kule Marekani. Konica Minolta walikuwa wameshajitoa kwenye kamera 2006. Kila mara mtu huku kwetu alinunua kilichoachwa, kwa bei poa, na fundi akakihuisha.

Na kazi kubwa ya fundi wa Pwani ni fangasi. Lenzi ikikaa kabatini msimu wa mvua hupata nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na zikikaa sana zinakula rangi iliyopakwa kwenye kioo. Ya chuma tupu unaifungua, unasafisha, unarudisha. Hii niliyoshika ni habari nyingine.

Nikampigia fundi mmoja mzee aliyewahi kuniokolea kamera.

"Ami, nimepata 24-105 ya kwanza. Nichukue?"

"Ishavutwa sana?"

"Imelegea kidogo."

"Ina tepe ndani, mwanangu. Yakunjwa kila ukivuta. Ikikatika, tundu halifungi tena. Weka f/8, vuta mpaka mwisho, piga. Rudisha, piga tena."

"Na ikikatika?"

"Tepe za Uchina zapatikana, nitakubadilishia. Lakini bodi yake ikiungua, usiniletee. Sina pa kuitoa."

Hilo la bodi ndilo lilinikaa. Sonara hawezi kuchonga bodi. Na yeye ami, miaka yote hii, amefanya kazi aliyopaswa kufanya mwenye kiwanda, bila leseni ya mtu.

Nikapiga kwenye f/8, 24 hadi 105, mara ishirini, nikilenga mlango wa mbao uliochongwa upande wa pili. Kamera haikulalamika. Nikamulika kwa tochi ya simu: safi, vumbi tu. Tukavutana hadi thelathini na moja.

Nilipokuwa nahesabu, jamaa akatoa nyingine kwenye mfuko wa plastiki. 24-105 hiyo hiyo, vioo vimejaa fangasi, lakini ukiichomeka inafokasi na tundu linafunga.

"Hii chukua elfu nne, bro. Haina kazi."

Nikaichukua. Ya kwanza iko kazini Jumamosi hii, harusi Kibokoni. Ya pili nimeipeleka kwa ami, imo kwenye kopo la biskuti pamoja na skrubu zake, bodi yake ingali nzima.