Kriketi Mashariki ya Uganda: Kutoka Klabu hadi Shule

Tarehe 4 Agosti, 1972, Jenerali Idi Amin aliwahutubia askari katika kambi ya Tororo, akawatangazia kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza hawana nafasi tena nchini Uganda. Muda waliopewa kufungasha ulikuwa siku 90. Tangu siku hiyo mengi yameandikwa juu ya maduka, viwanda na mashamba ya miwa yaliyoachwa bila wenyewe. Ni machache mno yaliyosemwa juu ya viwanja vya kriketi vya Jinja na Mbale, ambavyo navyo viliachwa ndani ya majuma yale machache.

Yafaa kwanza kueleza mchezo huo ulikuwa mali ya nani. Waingereza waliuleta pamoja na utawala wao, wakaucheza katika vilabu vyao ambamo mwananchi aliingia kwa mlango wa jikoni. Waasia waliofuata reli, pamba na sukari walijenga vilabu vyao wenyewe, kila jamii na chake, na timu zikapangwa kwa rangi na asili. Katika kambi za King's African Rifles, Jinja ikiwa mojawapo, askari Mwafrika alihimizwa kupigana ngumi, kukimbia na kucheza mpira wa miguu. Amin mwenyewe alipata sifa yake ya kwanza ulingoni, akiwa bingwa wa ngumi wa Uganda katika miaka ya 1950. Kriketi ilihesabiwa kuwa burudani ya maofisa. Si ajabu basi kwamba hata leo askari wengi huutazama mchezo huo kama jambo la wageni.

Hata hivyo palikuwa na mlango mmoja wa pembeni, nao ulikuwa shule. Chuo cha Busoga, Mwiri, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1911 kisha kikahamia juu ya kilima karibu na Kakira katika miaka ya 1930, kilifundisha kriketi kama kilivyofundisha hesabu. Milton Obote alisoma hapo. King's College, Budo, ilifanya vivyo hivyo upande wa Buganda. Kijana aliyetoka katika shule hizo alijua kushika gongo na kurusha mpira bila kumwomba mtu yeyote uanachama. Wenye shule walikuwa wakilea mabwana wadogo wa Kiingereza, na hilo halina haja ya kufichwa. Lakini walichokipanda kiliota kwa namna wasiyoitazamia.

Kwa maana Waasia walipoondoka, mchezo ulianguka, ila haukufa. Watu waliokuwa wakitunza mikeka ya kuchezea, wakinunua mipira ya ngozi na kulipa gharama za safari hawakuwapo tena. Waliobaki ni vijana waliofundishwa shuleni. Mwaka 1975, kombe la kwanza la dunia la kriketi lilipochezwa Uingereza, timu ya Afrika Mashariki ilikuwa na Waganda wawili Waafrika, John Nagenda na Sam Walusimbi. Timu hiyo ilishindwa michezo yake yote mitatu, dhidi ya New Zealand, India na Uingereza, tena kwa tofauti kubwa. Wengine walicheka. Lakini wakati huo Amin alikuwa angali Ikulu, na nchi iliyodhaniwa imekwisha katika mchezo huo ilikuwa na wana wake uwanjani Birmingham.

Jinja iliendelea kuwa na kriketi kwa sababu Mwiri iliendelea kufundisha, na shule ya sekondari ya Jinja ikawa na kiwanja chake. Mbale haijapata kuwa ngome ya namna hiyo. Tofauti ya miji hii miwili, iliyo katika njia moja ya mashariki, haitokani na vipaji. Mtoto wa Malukhu, katika upande wa viwanda wa Mbale, ana jicho na mkono sawa na mtoto wa Jinja. Alichokosa ni mtu mzima wa kumfundisha mara kwa mara.

Hapo ndipo penye kazi ya vilabu. Tangu miaka ya 2000 kriketi ndogo ya magongo ya plastiki na mpira mwepesi imepelekwa katika shule za msingi za Uganda. Haihitaji pedi, wala mkeka, wala nyasi zilizokatwa. Watoto 20, wavulana kwa wasichana, hucheza pamoja kwenye uwanja wa vumbi. Gharama si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni kwamba wageni hufika mara moja, hupiga picha, huacha vifaa, na vifaa huishia stoo ya mwalimu mkuu. Klabu ya mji ina faida ambayo mgeni hana: wanachama wake wanaishi hapo hapo. Mchezaji mmoja akienda shule ile ile kila Jumatano kwa mihula mitatu, akamfundisha na mwalimu wa darasa jinsi ya kuhesabu ova na mbio, shule hiyo inakuwa na kriketi hata yeye akihama.

Malipo ya kazi hiyo huchelewa. Frank Nsubuga alicheza mashindano ya kimataifa huko Malaysia mwaka 1997, akiwa kijana wa miaka 16. Alisubiri miaka 27. Mwezi Juni, 2024, huko Guyana, katika kombe la dunia la ova 20, alirusha ova nne akatoa mbio nne tu na kuangusha wiketi mbili, na Uganda ikaishinda Papua New Guinea. Alikuwa na umri wa miaka 43. Katika timu hiyo walikuwamo wachezaji wenye asili ya India na Pakistan pamoja na Waafrika, bila mtu kuuliza klabu ya nani.

Kambi za jeshi na polisi za mashariki zina viwanja, zina shule za watoto wa askari, na zina wakufunzi wa michezo wanaolipwa mshahara. Kipande cha saruji cha mita 20 chatosha kuanzia, na mwenye klabu wa Jinja au Mbale aweza kualikwa kwa barua moja ya mkuu wa kambi.